Jibu: Kitenzi cha Waefeso 5:22

Shalom, dada. Umeuliza kama "watiini waume zenu" katika Waefeso 5:22 ni kitenzi kilekile cha Kigiriki kinachowaagiza watoto kuwatii wazazi. Sicho. Anza na mstari wa 21, kwa sababu katika nakala za kale za Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono, kama Kodeksi ya Vatikano, mstari wa 22 hauna kitenzi, bali unaazima hupotasso (kujiweka chini ya mwingine) ya 21, ambako Biblia yetu inasema "mnanyenyekeana". Watoto na watumwa, sura ya 6, wameandikiwa kitenzi kingine, hupakouo (kusikiliza na kutii). Jumuiya yetu hapa Tukuyu husoma 21 hadi 33 bila kukata, na wanaume hunyamaza wakifika 25, unaowaagiza waume wawapende wake zao. Hata hivyo, usikubali kwamba hupotasso ni hiari tupu, maana katika Luka 10:17 pepo nao wanatii kwa kitenzi hichohicho.