Gumegume ya babu imeibwa na haina namba, tutaipataje?

SWALI: Asalam aleikum mwalimu. Sisi ni watu wa Mkomani hapa Lamu. Marehemu babu alituachia bunduki ya gumegume, ile ya zamani ya kuwashwa kwa cheche za jiwe, ndefu, ina pete za fedha kwenye mtutu, miaka yote imetundikwa ukutani. Juzi mafundi walikuwa wanatutengezea dari, watu wanaingia wanatoka, tulipomaliza kufagia tukaona misumari mitupu. Mjomba alipita stesheni akaulizwa namba ya siriali, akarudi bila kuandikisha, sasa anasema tunyamaze manake hata cheti hatuna, tutajiingiza matatani. Kuna njia kweli?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu, pole sana kwako na kwa mama. Njia ipo, na habari ya namba ya siriali isiwavunje moyo. Gumegume nyingi zilizoshuka pwani hii karne ya 19 zilikuwa bunduki za biashara, zilitengenezwa kwa wingi Birmingham kule Uingereza na Liège kule Ubelgiji, na nyingi hazikupigwa namba yoyote. Hata zile alama ambazo watu wanazikumbuka, taji na herufi GR na neno TOWER kwenye bamba la mtambo, au ELG ndani ya duara la yai kwenye mtutu, ziko kwenye maelfu ya bunduki, kwa hivyo kumwambia polisi "yetu ina taji" ni kama kusema umeibiwa kanzu nyeupe siku ya Ijumaa.

Kitakachoitambulisha ni makovu yake. Na kovu la kwanza liko hapo nyumbani kwenu, ule ukuta, tafadhali sana mafundi wasiupake chokaa kwanza! Kitu kikikaa ukutani miaka mingi huacha alama, rangi ya plasta pale nyuma yake haiwi sawa na pengine, mara nyingi unaona mpaka kitako kilipoishia na mdomo wa mtutu ulipofika. Weka tepu, pima urefu wa hiyo alama, pima na nafasi kati ya misumari, piga picha tepu ikionekana. Hicho ni kipimo ambacho mwizi hawezi kukibadilisha.

Halafu kaa na mama na wazee, uliza kimoja kimoja, usikubali jibu la "ilikuwa nzuri". Pete za fedha zilikuwa ngapi, kuna iliyotoka ikabaki alama tu? Kitako kina ufa, kiliwahi kufungwa waya wa shaba? Mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, ni wa mti au wa chuma, uko mzima? Jiwe la gumegume bado lipo kwenye mtambo? Na picha za harusi jamani, watu wanazisahau, hapa kwetu kila harusi watu wanapigwa picha ndani ya nyumba na ukuta unaonekana nyuma, tafuta zote hata za simu za binamu walio Mombasa. Kuna utaratibu wa kimataifa wa kuandika maelezo ya kitu cha kale unaitwa Object ID, na Interpol wana programu ya simu ya bure, ID-Art, iliyotoka 2021, inakuongoza kujaza hayo yote. Lakini kuingizwa kwenye orodha ya Interpol ya vitu vilivyoibwa kunapitia polisi wa nchi, mtu binafsi haingizi mwenyewe, ndio maana bila namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, hamwendi popote.

Sasa hofu ya mjomba. Hajakosea kuogopa, sheria ya silaha ya Kenya, Sura 114, inaeleza bunduki kwa upana sana, hata inayoweza kurekebishwa ikatoa risasi imo. Basi msiende mikono mitupu, nendeni na wakili, mkiwa na maelezo yaliyoandikwa kwamba ni urithi, imekaa ukutani, imeibwa siku fulani. Kunyamaza ndiko kubaya zaidi, kwa sababu Lamu yetu na mambo ya usalama mnayajua, siku silaha ikikamatwa kwingine ikasemwa imetoka kwenu na hakuna ripoti, mtajieleza vipi?

Nakala nyingine ipelekeni kwa watu wa makumbusho hapo Lamu. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Halafu masonara, hao msiwaruke, mara nyingi fedha inang'olewa inauzwa peke yake na mti unatupwa, kwa hivyo picha ya pete iwafikie masonara na wenye maduka ya vitu vya kale hapa, Shela na hadi Malindi. Wapeni kwa maandishi, ili kesho asiwepo wa kusema hakujua, kushika mali ya wizi kwa kujua ni kifungo cha hadi miaka 14. Na mtu akiwapigia simu kwamba anaijua ilipo, leteni pesa, msilipe, mpelekeeni askari mwenye faili yenu.

Ikipatikana itakaa polisi kama kidhibiti mpaka mahakama iamue irudi kwenu, vumilieni, na mtu asiisugue. Jambo moja muombe mapema: isiguswe ovyo. Hizi bunduki zinakutwa na baruti ndani hata baada ya miaka mia. Mtaalamu wa silaha atatumbukiza kijiti taratibu mpaka kikome, aweke alama kwenye mdomo wa mtutu, kisha akilaze kwa nje, kisipofika usawa wa tundu la moto, kile kitundu cha nyuma ya mtutu ambapo moto unaingia kuwasha baruti, basi kuna kitu kimeshindiliwa humo, na mwambieni askari haya siku ileile mnayoandikisha, kwa sababu aliyeiba hajui na anaweza kuwa ameiweka ndani penye watoto.