Kufidia usingizi asubuhi ndiko kunakokuamsha saa nane usiku

Mkuu, usifidie! Umeuliza kuhusu maziwa ya moto na godoro jipya, ila kilichonishtua kiko mwisho wa maelezo yako: unapanda kitandani saa tatu usiku, saa nane macho makavu hadi alfajiri, halafu "mke wangu ananiacha nifidie hadi saa nne asubuhi". Mimi hapohapo ndipo nilipopoteza kazi.

Nilikuwa zamu ya usiku kiwandani, nikahamishiwa mchana. Kuna jamaa pale, kila tatizo la mtu ana dawa yake, akaniambia mwili una akili: ukikosa usingizi usiku lipa asubuhi, na kesho yake wahi kulala upate saa nyingi zaidi. Mtu ambaye akigusa mto tu anakoroma, angejuaje shida ya kukesha? Nikamfuata. Siku za mapumziko naamka saa nne, jioni saa mbili nimeshajifunika shuka. Ikifika saa nane usiku nageuka kama chapati kikaangoni, nahesabu saa zilizobaki. Siku za kazi nikawa nasinzia kwenye mashine. Msimamizi akanikuta hivyo zaidi ya mara moja, na mkataba ulipoisha hawakuniongezea. Wa kuniita mvivu aje kwanza akeshe wiki moja, ndipo tuongee. Yule jamaa bado yupo pale, bado anatibu watu.

Daktari ndiye aliyenifumbua macho. Tangu unapoamka, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, na hiyo ndiyo inayokuletea uzito wa usingizi. Sasa piga hesabu. Ukiamka saa nne asubuhi, saa tatu usiku una saa 11 tu za kuwa macho. Ukiamka saa 12 asubuhi, una 15. Ukilala na uzito mdogo, unaisha katikati ya usiku. Kila mtu hushtuka kidogo usiku, maana usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi. Mwenye uzito wa kutosha hurudi usingizini bila hata kukumbuka. Wewe unabaki unatazama dari.

Kwa hiyo saa ya kuamka ni moja, Jumatatu hadi Jumapili, hata kama usiku umepata usingizi wa muda wa saa mbili tu. Ukiamka toka nje ukutane na mwanga, kwa sababu saa ya mwili inarekebishwa na mwanga wa asubuhi. Usiku usiende kitandani kwa kuwa saa imefika. Nenda macho yakiwa mazito. Na ukishtuka saa nane ukaona kama dakika 20 zimepita, ondoka kitandani, kaa sebuleni taa ikiwa hafifu, simu iache, urudi usingizi ukija. Njia hii ya kuondoka kitandani si ya vijiweni: mwanasaikolojia Mmarekani Richard Bootzin aliieleza tangu 1972.

Siku za mwanzo utachoka vibaya sana, nakwambia ukweli. Usiendeshe bodaboda wala gari ukiwa unasinzia. Na kama unashtuka ukiwa umekabwa pumzi, hilo si suala la ratiba, nenda hospitali.

Mwambie shemeji Jumamosi hii asikuonee huruma. Saa 12 akuvute shuka.