Ukuta wa Chumvi, Mbuzi ya Nazi na Mwaka Wetu wa Kwanza wa Ndoa

Fungate ilipokwisha na wageni wa mwisho kurudi kwao, mimi na mume wangu tulibaki katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, Ngamiani, Tanga, tukiwa na chupa nne za chai, seti tatu za vikombe na koki ya jikoni iliyodondoka usiku kucha. Katika zawadi zote zile hapakuwa na bisibisi hata moja.

Nawaandikia maharusi wapya wanaojiuliza wafanye nini jioni wakiwa wawili tu, kwa sababu sisi tulianza kwa kukosea. Tulijaribu kushirikishana mambo ambayo kila mmoja aliyapenda tangu zamani: yeye akanipeleka uwanjani kutazama mpira, nami nikamketisha nimfundishe kufuma vitambaa, na kila mmoja akavumilia kwa adabu hadi tulipokiri kwamba hakuna aliyefurahi. Ushauri wangu ni kwamba mtafute jambo ambalo nyote wawili hamlijui, na nyumba yenyewe haikosi kuwapa.

Sisi ilitupa ile koki. Koki ya kuzungusha ikidondoka, aghalabu kilichochakaa ni kipande kidogo cha mpira kilichomo ndani, ambacho mafundi hukiita washa, na kukibadilisha kunahitaji spana moja na subira. Fungeni kwanza maji ya nyumba nzima. Sisi tulisahau, na mume wangu akaoga na shati lake.

Ukuta wa chumbani ndio uliotufunza zaidi, kwa kuwa ulitushinda. Ulikuwa ukitoa unga mweupe karibu na sakafu, nasi tukaona dawa yake ni rangi ya mafuta, ile inayong'aa, tukaipaka Jumamosi nzima na kulala tukiwa tumeridhika kabisa. Haikupita miezi miwili kabla rangi haijafura na kubanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua. Jirani yetu, fundi mwashi wa siku nyingi, aliubonyeza kwa kidole, akacheka, kisha akatueleza kwamba ule unga ni chumvi: unyevu hupanda kutoka ardhini kupitia kwenye matofali ukiwa umebeba chumvi, na maji yanapokauka usoni mwa ukuta, chumvi hubaki. Rangi ya mafuta huuzuia unyevu usitoke, ndiyo maana huo unyevu huisukuma rangi yenyewe. Alituagiza tuikwangue yote, tuufagie ukuta kwa brashi kavu bila kuuosha, kwa sababu maji huiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, kisha tuuache ukauke kabla ya kupaka rangi ya maji, ambayo huuacha ukuta upumue. Alituonya pia kwamba rangi hiyo haiponyi kitu ikiwa maji ya kuogea bado yanamwagwa nyuma ya ukuta huohuo, na ni kweli, yalikuwa yakimwagwa.

Mambo mawili nayataja kwa ufupi. Mwambieni mwenye nyumba kabla ya kugusa chochote, na kama amekubali gharama ikatwe kwenye kodi, iandikwe. Umeme mwachieni fundi wa umeme.

Katika kukwangua ukuta ndipo nilipolijua jambo langu jipya la kupenda, kwani niligundua kwamba msasa unanituliza. Mavyaa wangu alikuwa na mbuzi ya nazi iliyolegea miguu na kuwa nyeusi kwa masizi, naye alikwisha kuiweka kando ya kuni. Nilipomwomba, alinitazama kwa huruma: "Mwanangu, hiyo si ya kukunia tena. Nitakununulia nyingine." Nilimjibu, "Hapana mama, niachie nijaribu." Kwanza niliufunga ule ulimi wa chuma kwa kitambaa kinene, kwa maana meno yake hayachagui nazi wala kidole. Nilianza na msasa namba 80, ulio mkali, nikaenda 120, nikamalizia na 240, ulio laini, nikifuata nyuzi za mbao wakati wote, kwa sababu ukikatisha nyuzi mikwaruzo haifichiki. Siku ya tatu weusi uliondoka na mbao nyekundu ikajitokeza, ambayo hata mavyaa hakuikumbuka. Sasa nina viti viwili vya majirani uani vinavyosubiri zamu, na sijalipwa hata senti, wala sijaomba.

Mume wangu yeye aliangukia kwenye mchicha. Anaupanda katika magunia mawili kando ya mlango, akichanganya mbegu na mchanga ili zisianguke mahali pamoja, maana ni ndogo mno, na baada ya wiki tatu au nne tunachuma. Mimi sina mkono wa mimea, naye hana subira ya msasa, lakini jioni tunakaa uani huohuo, kila mmoja na kazi yake, tukizungumza zaidi kuliko tulivyowahi kuzungumza tukiwa tumekaa kutazamana.

Ule ukuta bado haujapakwa. Maji ya kuogea tumeyachimbia mfereji, lakini masika imeingia, na fundi amesema tusithubutu kufungua kopo hadi mvua ziishe na kiganja kikiwekwa chini karibu na sakafu kitoke kikavu. Kila asubuhi mume wangu huweka kiganja, kisha hunionyesha.