Ofa za Desemba: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu punguzo la Krismasi na Mwaka Mpya. Tumejibu sita.

Kuna TV ya inchi 43 Kariakoo imeandikwa "ilikuwa 900,000, sasa 630,000". Mume wangu anasema hiyo 900,000 haikuwahi kuwepo. Nitajuaje? (Mama wa watoto watatu, Tabata, Dar es Salaam)

Mzee anaweza kuwa sahihi, lakini bei iliyopigwa mstari isikuumize kichwa. Unachotaka kujua ni TV hiyohiyo inauzwa shilingi ngapi leo kwenye maduka mengine matatu. Ili iwe hiyohiyo kweli, piga picha kibandiko cha nyuma chenye namba ya modeli, yote mpaka herufi ya mwisho. Kampuni moja huweza kuwa na inchi 43 tatu au nne ambazo kwa mbele ni mapacha, kumbe moja ni 4K, nyingine ni Full HD, na nyingine ni toleo la miaka miwili nyuma. Ukiuliza tu "inchi 43 bei gani?" utarudi nyumbani na bei za vitu tofauti.

Kisha uliza bei ya kuondoka nayo: pamoja na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), bracket ya ukutani na usafiri. Hapo ndipo ofa nyingi huyeyuka. Ukiambiwa "ukitaka risiti ongeza kidogo", basi ile 630,000 haikuwa bei ya dukani, kwa sababu bei ya rejareja inatakiwa iwe na VAT ndani yake tayari. Na bila risiti, hata garantii ya miaka miwili inabaki maneno.

Kabla ya kulipa, waambie waiwashe. Weka picha nyeupe kabisa, utafute madoa meusi na pembe zenye kivuli. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, washa king'amuzi cha ndani uone kama kinashika chaneli za T2 (zile za antena ya kawaida), halafu linganisha serial namba ya kwenye boksi, ya nyuma ya TV na ya kwenye kadi ya garantii. Zote tatu zifanane. Kama ni TV iliyokuwa ikiwaka dukani kwa maonyesho, punguzo lake liwe kubwa kuliko la ile ya kwenye boksi. Imeshafanya kazi miezi, tena mwanga ukiwa juu kabisa.

Kuna na mchezo wa "hiyo imeisha asubuhi hii, ila tuna hii", na hii imezidi laki mbili. Ondoka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, na malalamiko hupelekwa FCC, yaani Tume ya Ushindani. Picha ya lile tangazo ndiyo ushahidi wako.

Supamaketi moja imeandika "nunua mbili, ya tatu bure", nyingine "punguzo 30%, kisha 20% zaidi". Ipi nafuu? (Msomaji, Kisauni, Mombasa)

Ya pili, ingawa si 50% kama inavyotaka uamini. Kwenye shilingi 100 unatoa 30, inabaki 70. Ile 20% inatolewa kwenye 70, yaani 14, unalipa 56. Punguzo ni 44%. "Ya tatu bure" ni 33%, na "ya pili kwa nusu bei" ni 25% tu. Isitoshe, ofa ya tatu bure inakulazimisha kubeba tatu. Kwa sabuni ya unga hakuna neno. Kwa mtindi unaoisha muda baada ya siku nne, utakuwa umenunua wa kumwaga.

Angalia ujazo pia. Mafuta ya kupikia ya mililita 900 kwa shilingi 300 ni sawa na 333 kwa lita, kwa hiyo chupa ya lita nzima ya 320 isiyo na ofa ndiyo rahisi. Na pale yanapouzwa kwa kilo, kumbuka lita moja ya mafuta ina gramu kama 920. Dumu la kilo 18 ni lita 19 na nusu hivi, si 20.

Friji ni 750,000 taslimu. Kwa mkopo natanguliza 150,000, halafu 4,000 kila siku kwa siku 210. Elfu nne naiweza. Nichukue? (Msomaji, Morogoro)

4,000 mara 210 ni 840,000. Ongeza ulichotanguliza, jumla 990,000. Umelipa 240,000 zaidi, na hiyo si kwenye 750,000 bali kwenye 600,000 ulizokopeshwa: asilimia 40, tena ndani ya miezi saba. Na kwa kuwa deni lenyewe linapungua kila siku, riba halisi ni zaidi ya hapo. Hakuna ofa ya sikukuu inayofidia hapo.

Ukiiweka hiyo 4,000 pembeni kila siku, pamoja na 150,000 uliyonayo, unafikisha 750,000 kwa siku 150. Miezi mitano. Tungekushauri mkopo kwa hali moja tu: kama friji ni ya kuuzia juisi na barafu, na faida ya siku, ukishatoa umeme, inapita 4,000. Hapo friji inajilipa.

Usisahau lebo ya umeme. Friji ya uniti 180 kwa mwaka na ya uniti 400 zinatofautiana uniti 220 kila mwaka. Zidisha kwa bei ya uniti unayoiona kwenye risiti yako ya LUKU, mara miaka utakayokaa nayo. Mtumba wa bei chee mara nyingi huanguka kwenye hesabu hii.

Tunakwenda Moshi kwa Krismasi. Tununue mbuzi mzima au nyama ya kilo? (Msomaji, Mbezi)

Mbuzi wa kilo 30 akiwa hai hutoa nyama na mifupa karibu 45%, kilo 13 na nusu. Kichwa, miguu na utumbo ni nyongeza. Akiuzwa 270,000, kila kilo imekugharimu 20,000, na mchinjaji bado hajalipwa. Linganisha na bei ya buchani siku hiyo.

Mpime kwa mzani wa kuning'iniza, usikubali macho ya dalali. Pitisha mkono mgongoni: mifupa ikichoma kama meno ya msumeno, ni manyoya na tumbo tu. Tumbo lenyewe lisikudanganye, maana aliyeshiba na kunyweshwa maji asubuhi huongeza kilo ambazo utazimwaga. Mwenye ndugu kijijini atume hela wiki tatu kabla, mbuzi akae kwao akila majani. Tarehe 23 mnadani, anayepanga bei ni muuzaji.

Nguo za watoto ninunue lini? (Msomaji, Temeke)

Za sikukuu, mwanzoni mwa Desemba, mkiwa majirani watatu ili mpate bei ya jumla. Sare na viatu vya shule nunua siku hizohizo, si Januari wakati kila mzazi yuko dukani. Kiatu kiache sentimita moja mbele ya kidole kirefu. Kikizidi hapo, mtoto atakiburuza na soli itaisha upande mmoja.

Duka la Instagram linataka nitume nusu kwanza "na ya kutolea". (Msomaji, Dodoma)

Usitume kwa namba ya mtu binafsi. Omba lipa namba, na kabla ya kuweka PIN soma jina linalotokea: lifanane na jina la duka. Bora zaidi mzigo uje kwa basi, uufungue ofisini kwao, ulipe hapo hapo. Muuzaji akikataa, mpe ndugu aliye Dar picha ya bidhaa akazunguke nayo Kariakoo, kwa sababu mara nyingi huyo muuzaji naye anachukua hukohuko.