Kwa mnaoanza kazi kwenye viwanda vya chuma: uliza kwanza kiwanda kinaanzia wapi

Kila bajeti ikisomwa mwezi Juni, vijana wapya wa idara za manunuzi na masoko huja na swali lilelile: ushuru wa chuma kutoka nje umepanda, kwa hiyo ni neema kwetu, siyo? Nami huwarudishia swali: kwetu sisi akina nani? Viwanda vya chuma vya Afrika Mashariki vinaitwa kwa jina moja, lakini haviishi maisha ya aina moja, na habari inayomnenepesha mmoja humkondesha jirani yake. Usipolijua hilo mapema, utasoma magazeti ya biashara miaka mingi bila kuelewa kwa nini bosi wako amenuna siku ambayo wenzake wanashangilia.

Wapo wanaoanzia kwenye chuma chakavu. Hawa wananunua skrepa mitaani na kwenye magulio ya vyuma, wanaiyeyusha kwenye tanuru la umeme, wanamimina bileti, yaani mapande marefu ya chuma, kisha wanaipasha moto na kuipitisha kwenye roli (silinda nzito zinazozunguka) mpaka inakuwa nondo. Wapo wanaoanzia kwenye bileti iliyokwisha kuyeyushwa ng'ambo. Wao kazi yao ni kupasha moto na kuvuta tu. Na wapo wa koili: wanaleta karatasi za chuma zilizoviringishwa, wanazipaka zinki na rangi ziwe mabati, au wanazikunja na kuziunga ziwe mabomba ya duara na ya mraba. Wanaoanzia kwenye mawe ya chuma yenyewe ni wachache mno. Uganda, yenye mawe hayo kule Muko, kusini-magharibi ya nchi, imejaribu kusogea huko zaidi kidogo kuliko sisi majirani zake.

Wote hawa wanakula kwenye pengo moja, yaani tofauti ya bei ya kile wanachoingiza na bei ya kile wanachotoa. Tuseme bileti inakufikia kwa dola 550 kwa tani na nondo yako inauzwa kwa thamani ya dola 680. Ndani ya hizo 130 kuna umeme, mishahara, riba ya benki, mafuta, roli zinazolika na chuma kinachoungua na kukatwa. Bei ya nondo sokoni ikishuka, hiyo peke yake haikuambii kitu. Kama bileti imeshuka zaidi, umepata. Kama bileti haikutikisika, umeumia. Kwa hiyo ukiniletea bei, niletee mbili.

Mfano ninaoupenda kuwapa wageni ni wa Kenya mwaka 2023. Sheria ya Fedha ya mwaka ule ilianzisha tozo ya asilimia 17.5 kwenye bileti zinazotoka nje. Lengo lilikuwa kuwapa nguvu wanaoyeyusha nyumbani. Kwa mwenye tanuru na skrepa ya kutosha, hiyo ilikuwa kinga. Kwa jirani yake asiye na tanuru, malighafi ilipanda bei usiku mmoja huku nondo anazouza zikishindana na za yule yule aliyekingwa. Viwanda viwili, barabara moja, bidhaa moja, sheria moja. Kabla hujasema sera fulani inalinda viwanda vya ndani, taja kiwanda gani.

Na hata mwenye tanuru hana usalama wa kudumu. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme mkubwa kuhujumiwa na nchi nzima kukaa gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya chuma chakavu. Katazo lilidumu miezi michache, likaondolewa kwa masharti mapya. Lakini tanuru halina subira ya miezi. Katika kipindi hicho aliyezoea kuleta bileti ndiye aliyepumua. Ndiyo maana nawasisitiza mnaoingia manunuzi: jueni wanaokusanya skrepa, jueni inatoka wapi, hakikisheni ina karatasi zake. Chuma cha reli au cha nguzo za umeme kikiingia uani kwenu, hasara yake haiishii kwenye tani hiyo.

Sasa ushuru wenyewe. Tangu 1 Julai 2022, Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Anayeishia hapo hajasoma kitu. Kila mwaka nchi wanachama huomba kutoka nje ya viwango hivyo kwa mwaka mmoja, kwa bidhaa hii au ile, na chuma hakikosi kwenye maombi hayo. Matokeo yake huchapishwa kwenye Gazeti la Jumuiya mwishoni mwa Juni na kuanza kazi Julai mosi. Humo ndimo ulipo ushuru halisi wa mwaka huo. Mara nyingi utakuta imeandikwa kwa pande mbili, kwa mfano asilimia 25 au dola 250 kwa tani, ipi iwe kubwa. Usiruke maneno hayo ya mwisho. Nondo ya dola 500 kwa asilimia 25 italipa 125. Kwa kipimo cha tani italipa 250, yaani nusu ya bei yake. Na kadiri bei ya dunia inavyoshuka, ndivyo kipimo cha tani kinavyozidi kuuma. Kimewekwa hivyo makusudi, kuziba njia ya anayeandika bei ya uongo kwenye ankara.

Angalia pia uanachama. Kenya iko COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, Tanzania haiko. Tanzania iko SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za Kusini mwa Afrika, Kenya haiko. Chuma cha Misri chenye cheti halali cha asili kinaweza kuingia Mombasa bila ushuru kupitia COMESA, lakini kikitua Dar es Salaam kinalipa. Chuma cha Afrika Kusini kinageuza hesabu hiyo. Mshindani wako anaweza kuwa na mlango ambao wewe huna, ingawa mko Jumuiya moja.

Halafu kuna China, na hapa nitakaa kidogo. China peke yake huyeyusha zaidi ya nusu ya chuma chote cha dunia, na kuanzia 2020 hadi 2024 iliyeyusha zaidi ya tani bilioni moja kila mwaka. Ujenzi wa nyumba nchini mwao ulipoporomoka kuanzia 2021, matanuru hayakuzimwa kwa kasi hiyo. Chuma kilichokosa mnunuzi nyumbani kikapanda meli: mwaka 2024 waliuza nje takriban tani milioni 110, kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu 2015. Marekani ikapandisha ushuru wake wa chuma kutoka asilimia 25 hadi 50 mwezi Juni 2025, na Ulaya nayo ikawa inabana. Tani zinazokataliwa bandari moja hutafuta bandari nyingine, na bandari zetu ni miongoni mwa hizo nyingine.

Kwa kiwanda cha mabati, koili rahisi ya China ni riziki. Kwa kiwanda cha nondo, nondo rahisi ya China ni kitanzi. Na kuna mbinu moja ambayo afisa forodha mchanga na mnunuzi mchanga wote wanapaswa kuijua. Chuma cha kawaida kikitiwa boroni kidogo sana, asilimia 0.0008 tu, kwenye orodha ya forodha kinahesabiwa kuwa chuma cha aloi, yaani kilichochanganywa na elementi nyingine. Nondo inahama kutoka kifungu cha 7214 kwenda 7228, bati kutoka 7210 kwenda 7225. Fundi haoni tofauti yoyote, zege halioni tofauti yoyote, lakini kama mstari wa aloi una ushuru mdogo, mzigo umeshapita. Ukiona bei isiyoelezeka, anza kwa kuuliza namba ya kifungu kabla hujalaumu mishahara ya Wachina.

Hata hivyo, shinikizo linaloniuma kuliko yote halitoki baharini. Linatoka kwa wenzetu wanaovuta nondo nyembamba. Chukueni kalamu. Uzito wa nondo kwa mita ni kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa 162. Milimita 12 inatoa kilo 0.89 kwa mita, kwa hiyo nondo ya mita 12 inapaswa kuwa na kilo 10.7 hivi. Tani moja ni nondo 94 tu. Sasa weka kwenye mizani nondo ya mwenzetu na ukute kilo 9. Kwa kanuni ileile, hiyo ni milimita 11. Tani yake inatoa nondo 111. Dukani watu hawanunui kwa kilo, wananunua kwa idadi: "nipe nondo ishirini za milimita 12." Muuza duka aliyenunua kwa tani amepata nondo 17 za ziada, na anaweza kuuza kila moja kwa bei ya chini kuliko yako akabaki na faida kubwa kuliko mteja wako.

Kiwanda kinachotii kiwango kinapigwa kwa namna hiyo kila siku, na aliyebeba hatari ni mtu atakayelala chini ya slabu ile. Viwango vinaruhusu tofauti ndogo ya uzito, haviruhusu asilimia 15. Ukiwa mtu wa mauzo, tembea na mizani ya kuning'iniza na futi, pima mbele ya mteja. Mshawishi auze kwa kilo. Ukikutana na nondo hizo, peleka sampuli Shirika la Viwango, na usichoke kupeleka. Naamini kabisa kwamba ukaguzi wa mizani madukani ungevisaidia viwanda waaminifu kuliko nyongeza nyingine ya asilimia kumi bandarini.

Umeme na shilingi nitavigusa tu. Kuyeyusha tani moja ya skrepa kunakula uniti 500 hadi 700, na umeme ukikatika tanuru likiwa limejaa, chuma kinaweza kuganda ndani yake. Gharama ya kuligongoa haimo kwenye ankara ya umeme. Shilingi ya Kenya ilifika kama 160 kwa dola Januari 2024, na kabla ya katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Aliyeweka stoo bileti za bei ya Januari alishindana na aliyenunua Mei. Anayeyeyusha skrepa ya mtaani anaumia polepole zaidi hapo.

Msidanganyike na miradi mikubwa. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, lakini mabomba yake yametoka China. Reli ya kisasa ni yetu, reli zenyewe za chuma hazikuvutwa hapa. Viwanda vyetu vinapata nondo za madaraja, stesheni na makaravati, tena kwa mkandarasi anayelipa pale serikali inapomlipa. Mkiandika makadirio ya mauzo, soma orodha ya vifaa vya mradi, achana na urefu wake.

Swali la mwisho huwa ni Liganga, mradi wa Tanzania wa kuchimba mawe ya chuma na kuyayeyusha. Mawe yapo Ludewa, mkoani Njombe, makaa yapo jirani Mchuchuma, na ubia wa NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa, na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ulisainiwa 2011. Mawe hayo yana metali za titani na vanadi ndani yake, na titani inalisumbua sana tanuru la kawaida la makaa, kwa hiyo teknolojia, umeme na reli vyote vinahitajika kwa mpigo. Natamani sana kuona siku hiyo. Lakini Liganga ikianza kumimina bileti kwa wingi, mwenye kuvuta nondo bila tanuru atakuwa mteja wake wa kwanza, na mwenye tanuru la skrepa atakuwa na mshindani mpya ndani ya nchi, asiyezuiliwa na ushuru wowote. Nendeni mkawaulize wakuu wenu kila mmoja anasimama upande gani, na kama wameshaanza kujiandaa.