Sigara ilipokatika, mwanangu akazidi kulala

SWALI: Shangazi, kijana wangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, na anameza klozapini, dawa ya kuutuliza. Kila alfajiri yuko kibandani akikopa sigara moja moja. Kwa siku hazipungui ishirini. Juzi nilimnyima pesa, akakaa siku tano bila kuvuta. Sasa analala mchana kutwa, mate yanamtoka, akisimama anayumba. Nimemdhuru?
Mama wa Kondele, Kisumu

JIBU: Pole, mama. Mpeleke kliniki leo, usingoje tarehe yake, na mwambie daktari siku aliyoacha kuvuta. Vidonge usimpunguzie mwenyewe.

Moshi wa tumbaku hulichochea ini livunje klozapini upesi, ndiyo maana mvutaji mara nyingi huhitaji dozi kubwa. Moshi ukikatika, baada ya siku chache ini hupunguza kasi, na dozi ile ile humlemea; ikizidi sana huleta hata degedege. Olanzapini, dawa nyingine ya ugonjwa huo, nayo ina tabia hiyo. Mwenye kosa ni moshi, si nikotini inayomtia mtu hamu ya sigara, kwa hiyo plasta ya nikotini humtuliza kiu bila kuvuruga dawa. Kaulizie.

Nilikuwa muuguzi wa wodi za wagonjwa wa akili. Nimeona mtu akitoa shati lake kwa sigara mbili (na shati lilikuwa jipya!). Wengine waliniambia ndiyo inayowaondolea ukungu kichwani. Basi usimwite mkaidi.

Na akirudia kuvuta asikufiche, kwani hapo dawa itapungua nguvu na sauti zaweza kurudi. Hilo nalo daktari alijue.