Kabla hujatia dawa ya miti kwenye tundu la jino

Msimu wa korosho ukikaribia, hapa Mtwara napokea sana wagonjwa wa namna moja. Jino lilianza kuuma tangu masika, likatulizwa kwa dawa za nyumbani, mwenyewe akawa anasubiri fedha za mnada. Sasa shavu limevimba. Siku hizi wengi hawataki kung'oa. Wamesikia kwamba mzizi unaweza kusafishwa na jino likabaki, na wakishakaa kwenye kiti huniuliza: "Dokta, humo ndani huwezi kutumia dawa za miti? Hizi zenu kali mno."

Si swali la kijinga, na jibu lake haliwezi kuisha mtu akiwa ameachama mdomo.

Katikati ya jino kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tundu likifika pale, bakteria wanaingia, nyama inataka kuvimba na haina pa kuvimbia. Ndiyo yale maumivu ya kukesha. Baadaye nyama inakufa, mshipa wa fahamu unakufa nao, na maumivu yanakata ghafla. Hapo dawa yoyote uliyoweka siku hiyo inapata sifa zote. Iwe mwarobaini, iwe karafuu, iwe mzizi wa kwa mganga, iliyowekwa mwisho ndiyo inayosimuliwa kwa majirani. Bakteria nao wapo palepale, wanakula nyama iliyooza, wanateremka hadi nchani mwa mzizi, na miezi kadhaa baadaye taya linatunga usaha.

Nilimpokea mama mmoja kutoka Tandahimba, kajifunga khanga kichwani hadi shavuni kuficha uvimbe. Alipofungua mdomo nikaona ndani ya shavu doa jeupe linalochubuka, ukubwa wa punje ya kunde, na kwenye tundu la gego pamba nyeusi iliyoshindiliwa. Nikamuuliza, "Mama, humu uliweka nini?" Akajibu bila wasiwasi, "Mafuta ya ganda la korosho, mwanangu. Jino lilikufa siku ileile."

Kufa lilikufa kweli. Mafuta yale yana asidi ya anakadi, na maabara zimeonyesha kwamba inaua baadhi ya bakteria wanaotoboa meno, kwa hiyo wazee waliotufundisha dawa hiyo hawakuokota jambo hewani. Lakini ni mafuta hayohayo yanayowafanya akina mama wanaobangua wajipake majivu mikononi kwanza. Kama yanachubua kiganja chenye sugu, ufizi utasalimika vipi? Hayo usiyatie mdomoni kabisa, hata tone.

Mwarobaini ni habari nyingine. Haukuunguzi, na majani yake yamepimwa maabara dhidi ya bakteria wa kwenye mizizi ya meno yakaonyesha nguvu. Ila gego la chini la kwanza kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu, yaani njia nyembamba ndani ya mizizi inamokaa ile nyama, la juu mara nyingi lina mifereji minne, na kila mfereji una vichochoro vya pembeni ambavyo kifaa chochote cha kusugulia hakivifikii. Dawa ya kuoshea humo lazima ifanye kazi mbili: iue bakteria na iyeyushe mabaki ya nyama iliyokufa. Mimea mingi huishia kwenye ile ya kwanza. Ni sawa na kufukiza udi kwenye nyumba ambayo panya amefia darini.

Inayofanya zote mbili ni haipokloraiti ya sodiamu, ya asilimia 0.5 hadi 5 na kidogo. Ndiyo ile harufu inayowafanya wagonjwa waniulize kama nawawekea jiki. Kemikali ni ileile, ila usithubutu kusukutua na ya dukani. Si dawa ya jana: mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mkemia Henry Dakin aliizimua hadi karibu asilimia 0.5 ikaoshea vidonda vya askari.

Hata hivyo wanaoichoka wana haki. Ni chungu, inanuka, na ikisukumwa kupita ncha ya mzizi inaunguza vibaya, uso unavimba na kuvia damu. Ndiyo sababu watafiti wanatafuta mbadala. Mwaka 2008 Wamarekani walijaribu juisi ya tunda la noni kwenye meno yaliyokwisha kung'olewa. Ikifuatiwa na dawa nyingine iitwayo EDTA, iliondoa utando wa ndani ya mfereji karibu sawa na haipokloraiti. Wahindi nao mwaka 2010 walipima chai ya kijani na triphala, mchanganyiko wa matunda matatu ya kwao, dhidi ya bakteria sugu wa mizizini. Vilifanya kazi, lakini haipokloraiti bado iliongoza. Hayo yote ni meno ya mezani. Jino lililo mdomoni mwa mtu anayemeza mate ni mtihani mwingine.

Kwa hiyo usimwombe daktari abadilishe dawa. Mwombe alizungushie jino mpira mwembamba unaolitenga na mdomo kabla ya kuanza, ili dawa isikumwagikie kooni wala mate yasirudi kwenye mfereji. Mgonjwa anaruhusiwa kuuliza hilo, na daktari mzuri hakasiriki.

Na miti imo hospitalini tayari, ila hatuitangazi. Ile dawa ya kuziba kwa muda yenye harufu ya karafuu ni yujeno, kiungo kikuu cha mafuta ya karafuu, iliyokorogwa na unga wa oksidi ya zinki. Kinachojaza mfereji mwishoni, gataparcha, kimetokana na utomvu wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki.

Usiku jino likikubana na hospitali ni mbali, sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Tone moja la mafuta ya karafuu kwenye pamba, gusa tundu, usimimine, na mtoto mdogo usimwekee. Yanakuvusha hadi asubuhi, hayatibu. Uvimbe ukiteremka chini ya taya, au ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, usisubiri asubuhi wala mnada: nenda Ligula, Ndanda, Nyangao, popote palipo karibu.

Ukifika, sema ulichoweka. Hatutakugombeza. Yujeno inazuia baadhi ya dawa nyeupe za kuziba zisigande vizuri, na pamba iliyosahaulika ndani ya tundu nimeitoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kusimulia.